Chini ya Gari Linalonguruma

Kituoni, 4 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama wewe na Mama, na kwamba goti lake limepata nafuu. Mimi kwa mwili sijambo. Kwa moyo siwezi kukudanganya, nina hofu, na ndiyo maana naandika leo bila kungoja mwisho wa mwezi. Simu huku bado haishiki, kwa hiyo nimempa dereva wa lori la mafuta akuletee mkononi.

Unakumbuka nilikwambia gari la kliniki limepelekwa kuinuliwa, likawekewa springi ndefu na matairi makubwa ili mto usitukwamishe wakati wa mvua. Limerudi. Ni refu mpaka wagonjwa wanaliita Ghorofa, na bibi mmoja aliniuliza ngazi iko upande gani. Nilicheka sana siku hiyo.

Juzi sikucheka. Nilikuwa kwenye ule mnyoofu wa barabara baada ya daraja dogo, mwendo sabini, muuguzi pembeni yangu amepakata sanduku la chanjo, nyuma kuna bibi na mjukuu wake. Tairi la kushoto likapiga tuta dogo, la kawaida kabisa, na usukani ukaanza kutetemeka. Baba, nikisema kutetemeka utadhani ni mtetemo. Ulikuwa unanipiga. Ulikwenda kushoto na kulia kwa kasi hata vidole sikuviona, gari zima likawa linajitikisa kama mbwa aliyetoka majini, kioo cha ndani kikaanguka miguuni pangu. Nilidhani tairi limechomoka. Nilikanyaga breki, ikazidi. Tulipofika mwendo wa kutambaa ikaacha ghafla, kimya, kama hakuna kilichotokea.

Nilikagua kama ulivyonifundisha. Nikazima, ufunguo mfukoni, jeki, vigogo vya kuzuia matairi, nikalitingisha kila tairi la mbele juu chini, kushoto kulia. Kila kitu kimekaza. Hakuna kinachocheza hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha zaidi, maana kesho kutwa nina wagonjwa wengine wa kubeba na sijui nawapandisha kwenye nini.

Niambie nifanye nini.

Binti yako,
Dereva


Nyumbani, 9 Machi

Kwako Binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako anakusalimu sana. Goti bado linamsumbua, ila mdomo uko imara, Mungu ashukuriwe.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Gari lililovaa viatu virefu halitembei kama zamani, na waliolivisha hawakukwambia. Kwanza jifunze hili kabla ya spana yoyote: likianza tena, usipigane nalo. Shika usukani, usiukabe. Ondoa mguu kwenye mafuta, liache lipungue lenyewe. Usikanyage breki kwa pupa, ulishaona linavyokasirika.

Sasa kazi. Pima upepo wa matairi, mengi makubwa hujazwa kupita kiasi. Hamisha ya mbele yapeleke nyuma uone kama ugonjwa unahama nayo. Angalia rimu kama zina tope lililogandia upande wa ndani. Kaza nati zote za magurudumu. Shika zile fimbo zinazogeuza magurudumu ya mbele, uone kama ncha zake zimelegea. Kila ukimaliza kimoja, endesha polepole barabarani ukiwa peke yako, siyo na bibi za watu nyuma.

Na sheria ya nyumba hii unaijua, ila nitaiandika, unisamehe kwa uzee. Hakuna kulala chini ya gari injini ikiwaka. Hata kwa dakika moja, hata kwa kuchungulia. Baba yako mdogo naye alikuwa anachungulia tu. Alilala chini ya pikapu ya otomatiki asikilize mlio, mwenye gari akaingiza mkono dirishani apunguze redio, kiwiko kikasukuma gia, gari likampanda. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua bolti. Tangu siku ile sijaingiza kichwa chini ya gari linalonguruma, na niliowafundisha kazi, wewe ukiwemo, nimewaapisha wote.

Andika upesi. Nikisikia lori la mafuta natoka nje kabla halijapiga honi.

Baba yako


Kituoni, 20 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo. Habari za hapo? Mama hajambo? Mwambie dawa ya goti nimempa dereva wa lori pamoja na barua hii, apake, asiitunze kabatini.

Leo nina furaha. Yote uliyosema nilifanya. Upepo nilipunguza, matairi nikahamisha, tope nikalikwangua, kila kitu nikakagua, jeki na ufunguo mfukoni kama ulivyoniapisha. Likatetemeka tena mara mbili, na mara ya pili niliondoa mguu kama ulivyosema, likatulia mapema. Basi msimamizi wetu wa kliniki akaja na shokapu mpya ya usukani, ile inayolala pembeni ya fimbo za mbele, nene kuliko ya zamani. Akasema magari yaliyoinuliwa yote yanataka hiyo, hakuna jingine.

Tumeifunga. Baba, limepona! Nimepita ule mnyoofu mwendo themanini, usukani umetulia kama maji ndani ya ndoo. Muuguzi aliimba njia nzima, na sauti yake unaijua, nilikusimulia. Nililala usingizi ambao sijaulala tangu mwezi uanze.

Asante kwa kunishika mkono kutoka huko mbali.

Binti yako


Nyumbani, 26 Machi

Kwako Binti yangu,

Marahaba. Dawa imefika na Mama yako anaipaka, kwa masharti kwamba nami nipake kiuno.

Umenifurahisha, na papo hapo umeninyima usingizi. Nitakwambia kwa nini, hata kama msimamizi wako ataniita mzee mwoga. Mwoga ni kweli.

Ile shokapu haitibu. Kazi yake ni kutuliza mtetemo mdogo. Ukiifunga mpya na nene juu ya ubovu, ni sawa na kumziba mtoto mdomo: kelele huisikii, lakini kinachomliza kipo. Ubovu unaendelea kula chuma, na siku shokapu ikichoka utatoka na nguvu zote.

Wewe umekagua kila kinachogeuza tairi. Kuna kitu kimoja hujakitaja. Tazama mbele, utaona fimbo nene ya chuma iliyokingama, ncha moja imefungwa kwenye chesisi, fremu ya gari, ya pili kwenye ekseli, mhimili wa magurudumu. Hiyo ndiyo inayoizuia ekseli isiende pembeni. Gari likiinuliwa, fimbo hiyo huvuta ekseli upande mmoja, na mafundi huhamisha kishikio chake ili kuirudisha katikati. Wakihamisha vibaya, bolti hucheza ndani ya tundu, na tundu hutanuka kila siku.

Kipimo chake nakijua. Sitakuandikia. Kinataka mambo ambayo nimeyakataza katika nyumba yangu. Endesha chini ya arobaini, mtafute fundi mwenye gereji ya kweli, na uniambie umempata.

Baba yako


Kituoni, 11 Aprili

Kwako Baba,

Shikamoo. Poleni na kazi za hapo. Mimi ni mzima, nakuandikia nikiwa mzima, anza na hilo kabla hujasoma mengine.

Imerudi. Ilikuwa darajani penyewe, Baba, siyo baada yake. Mwendo haukufika hamsini. Nilikuwa nimejisahau, nimezoea wiki za amani. Usukani uliniponyoka kabisa mkono wa kulia, ukanirudia kwenye kidole gumba, nacho kimevimba mpaka leo. Ubavu wa gari ulisugua ukingo wa daraja. Niliona maji dirishani kwangu, chini, ya rangi ya udongo, na nilifikiria kwamba milango ya nyuma inafunguliwa kwa nje tu. Kulikuwa na watoto watatu nyuma. Mguu niliuondoa, breki sikugusa, na ndiyo maana naandika.

Muuguzi hakupiga kelele. Tulipovuka alishuka, akakaa juu ya jiwe, akaniambia, "Mimi nakupenda kama dada yangu, lakini hili gari sipandi tena mpaka uniambie linaumwa nini." Msimamizi ameagiza shokapu nyingine, ya kwanza eti ilikuwa na hitilafu. Gereji ya kweli unayoisema haipo huku, iliyopo ni ya pikipiki.

Ile fimbo ya kukingama nimeikagua, gari likiwa juu ya jeki. Imekaza. Kila kitu kimekaza! Nimelala chini yake, nimeivuta kwa mikono miwili na mguu nimekanyagia ekseli, haisogei.

Hicho kipimo niandikie. Najua kwa nini hutaki. Lakini hawa watu wanapanda gari langu kwa sababu wananiamini, na mimi naogopa kila asubuhi ninapochukua ufunguo.

Binti yako


Nyumbani, 15 Aprili

Kwako Binti yangu,

Marahaba, marahaba. Barua yako Mama yako kaisoma kabla yangu. Hakunipa. Ilibidi nimwombe. Usishangae mwandiko huu, hii ni karatasi ya tatu.

Fimbo umeikuta imekaza kwa sababu umeliinua gari. Tairi likining'inia hakuna kinachoisukuma ekseli pembeni, bolti inatulia katikati ya tundu lake kama mtoto aliyeona mgeni. Ubovu huu unajitokeza uzito wote ukiwa chini na usukani ukigeuzwa kwa nguvu, na usukani wa gari lile bila injini hautageuka vya kutosha. Kwa hiyo kila ulipokagua kwa kuitii sheria yangu, sheria ilikuficha ubovu. Nimelikalia hilo wazo siku nzima na halikaliki.

Kipimo ni hiki. Ardhi ngumu, tambarare, matairi yote chini. Kwa urefu wa Ghorofa utaingia bila jeki. Vigogo mbele na nyuma ya kila tairi, yote manne. Breki ya mkono juu, gia huru. Ingia ubavuni, kichwa na mikono tu, kifua na miguu vibaki nje mbali na tairi. Mtu mmoja ashike usukani, injini ikiwaka, augeuze kushoto na kulia, kidogo, haraka haraka. Wewe weka kiganja pale ncha ya fimbo inapokutana na chesisi. Ikicheza utaihisi mkononi kabla hujaiona.

Anayeshika usukani asiongee na mtu. Mtu mwingine yeyote asikaribie mlango. Redio izimwe kabla hujalala chini. Tafadhali, redio.

Sikuamuru ukifanye. Nimekuandikia kwa sababu umeniuliza.

Baba yako


Kituoni, 24 Aprili

Kwako Baba,

Shikamoo, nawe Mama shikamoo.

Nimeshindwa. Vigogo niliweka, redio nikaing'oa waya kabisa, muuguzi akapanda akashika usukani. Injini ikawaka. Niliingiza kichwa, nikaingiza bega, nikaona lile tumbo la gari linatetemeka juu ya uso wangu, mafuta yananing'inia kwenye nati tone moja. Nikamwona Baba Mdogo, mimi ambaye sikumjua ila kwa picha. Sijui nilitokaje. Nilitapika ukutani. Muuguzi alizima, akaja kukaa chini nami kwenye vumbi na gauni lake jeupe.

Sasa sikiliza. Kuna mama mjamzito hapa, mtoto amekingama tumboni, hawezi kujifungulia kituoni. Lazima afike hospitali kubwa ya mjini kwenu kabla uchungu haujaanza, na gari ni hili hili. Ijumaa tunaondoka alfajiri, mwendo wa thelathini njia nzima, muuguzi amekubali kwa sababu ya yule mama. Nikishamkabidhi nitakuja kulala nyumbani. Jumamosi lazima nirudi, chanjo za watoto haziwezi kungoja.

Lori linatutangulia na barua hii. Jioni ya Ijumaa msikae barabarani kunisubiri, mtanitia haraka.

Binti yako


Nyumbani, Jumamosi asubuhi, mezani

Binti yangu,

Hii haina salamu kwa sababu umelala chumba cha pili na nakusikia unakoroma, tabia ya upande wa mama yako.

Jana ulipoingia hukuweza kushika kikombe. Mama yako alikunywesha uji kama ulipokuwa na miaka miwili, ukalala na viatu. Yule mama umemfikisha, hospitalini wamesema atapasuliwa leo na wote wawili wako salama. Hayo umeyafanya wewe, na thelathini yako.

Fundi niliyemtegemea ana msiba, hapatikani mpaka Jumatatu. Wewe unaondoka leo, nakujua, hata nikikulalia mlangoni utapita dirishani. Kwa hiyo naingia chini mwenyewe, kabla hujaamka, maana ukiamka utanizuia na mimi nitazuilika kwa urahisi.

Mama yako ndiye atakayeshika usukani. Hajui kuendesha gari, na ndiyo sababu nimemchagua: hatagusa kitu ambacho sijamwambia. Nilimweleza jana usiku, akakataa, akalia, kisha akaniuliza avae viatu gani.

Ukisikia injini, usitoke mbio. Usiniite, usimwite. Ukimshtua sijui mikono yake itakwenda wapi. Karatasi hii nitaiweka kando ya mto wako; kaa hapo kitandani uisome mpaka injini izimwe.

Naogopa sana, mwanangu. Nimevaa ovaroli na vifungo nimekosea mara mbili.

Baba yako


Kituoni, 9 Mei

Kwako Baba,

Shikamoo. Mama naye nampa shikamoo yake peke yake, dereva mwenzangu. Sisi huku wazima. Yule mama amerudi jana na mtoto wa kiume, mkubwa, ana mashavu kama ya msimamizi wetu, na msimamizi mwenyewe kakiri kwamba yanafanana.

Kile kipande cha chuma alichochomelea jirani yenu Jumamosi ile kwenye tundu kimeshika barabara. Uliniambia bolti niikaze tena baada ya safari chache, nimeikaza. Ghorofa limepita darajani na mnyoofu wote, sabini, kisha themanini, na lile tuta nikalipiga makusudi. Usukani haukusema kitu. Mikono yangu bado inangoja, hiyo sitakuficha. Muuguzi amepanda. Haimbi bado, lakini amepanda.

Jana nilirudia kile kipimo, yeye juu na mimi chini, injini ikiwaka. Safari hii nilikaa. Niliweka kiganja kwenye ncha ya fimbo mpaka nikaridhika kwamba haichezi, kisha nikatoka kama mtu anayetoka kitandani. Nataka ujue niliwezaje.

Asubuhi ile ulikuja kuniamsha na mkono umejaa grisi, ukasema, "Amka, tundu limekuwa yai, bolti inacheza ndani yake," na mimi nikajinyoosha nikapiga miayo. Sikuwa nimelala, Baba. Injini ndiyo iliyoniamsha. Karatasi yako sikuiona mpaka baadaye. Nilitoka mbio bila viatu mpaka uani, na kitu cha kwanza kukiona ni miguu yako inatoka chini ya gari linalonguruma.

Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Kelele ilikuwa hapa, kooni. Kisha nikamwona Mama huko juu, ameshika usukani kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka na hayafuti, macho mbele, midomo inahesabu kushoto, kulia. Nikajiziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe, nikauma mpaka ngozi ikachubuka. Ulipouona ule mkono nilikwambia ni mlango wa gari.

Nilisimama pale mpaka mwisho. Sauti yako ilikuwa tulivu kabisa, "Vizuri, mama watoto, tena, vizuri, usitazame pembeni," kama unamfundisha mtu kushona. Ungeisikia sauti ile ungesema mtu huyu hana wasiwasi duniani. Lakini mimi nilikuwa upande wa miguu, na miguu yako, Baba, ilikuwa inatetemeka yote miwili, visigino vinagonga chini, na hukutoka.

Nilitaka kuishika. Nikaogopa nitakushtua. Ulipomwambia Mama azime, nilikimbia ndani, nikajifunika shuka mpaka kichwani, nikakusubiri uje kuniamsha.

Binti yako